Khabari Isiyopelelezwa na Fitina Izaliwayo Nayo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baad.

Darsa yetu ya mara hii ni juu ya aya ya 6 ya Suratul Hujuraat. Tumeisoma pamoja na ndugu wa halaka yetu hapa Chawia, juu ya milima ya Taita, nasi tumeona ni vyema tuiandike, ili ndugu zetu wa Voi na Taveta, na wa Mombasa, Malindi, Lamu na miji mingine ya pwani, nao wapate fungu lao. Kwani ugonjwa unaotibiwa na aya hii si ugonjwa wa watu wa mlimani peke yao, wala si wa watu wa pwani peke yao. Ni ugonjwa ulioingia katika kila nchi, nao umevunja dola na umebomoa nyumba.

Maana ya Aya

Katika aya hii Mwenyezi Mungu anawaamrisha walioamini kwamba akiwajia fasiki na khabari yo yote, basi waipeleleze khabari hiyo kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga, kisha wakawa wenye kujuta kwa yale waliyoyatenda.

Tazameni, ndugu zangu, jinsi aya hii ilivyopangwa. Kwanza limetajwa neno, yaani khabari. Kisha kimetajwa kitendo, yaani watu kudhuriwa. Na mwisho imetajwa majuto. Baina ya neno na kitendo Mwenyezi Mungu ameweka mlango mmoja tu, nao ni kupeleleza. Mwenye kuupita mlango huo ameokoka, na mwenye kuuruka atafika kwenye majuto, apende asipende. Na majuto hayamfufui maiti, wala hayamrudishii mtu heshima yake iliyokwisha vunjwa sokoni.

Tena angalieni kuwa waliosemeshwa hapa ni walioamini. Asidhani mtu kuwa imani yake yatosha kumkinga na uwongo. Lau ingetosha, aya hii isingeshuka.

Sababu ya Kushuka Kwake

Wafasiri wengi wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alimtuma al-Walid bin Uqba kwa watu wa Banul Mustaliq ili akapokee zaka zao. Baina ya al-Walid na watu hao palikuwa na uadui wa tangu zama za ujahili. Waliposikia kuwa mjumbe wa Mtume anakuja, walitoka kwa wingi kwenda kumlaki kwa furaha. Yeye alipowaona kwa mbali ule umati unakuja, akaingiwa na khofu, akadhani wanakuja kumwua. Akageuza mnyama wake, akarudi Madina, akasema kuwa watu wale wamezuia zaka na walitaka kumwua.

Khabari ile ikawakasirisha watu wa Madina, na jeshi likawa karibu kutoka. Katika moja ya riwaya imesemwa kuwa Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin al-Walid na akamwamrisha asifanye haraka, bali apeleleze. Wapelelezi wake wakawasikia watu wale wanaadhini na wanasali. Basi ikadhihiri kuwa jambo lote lilikuwa ni khofu ya mtu mmoja iliyovikwa nguo ya khabari.

Hapa pana fundisho kubwa. Yule aliyeleta khabari aliwaona watu kwa macho yake, wala hakuuzua umati ule. Bali aliukuta moyo wake umekwisha jaa uadui wa zamani, na moyo ule ndio uliomfasiria alichokiona. Hivi ndivyo zinavyozaliwa khabari nyingi za fitina: jicho huona kitu kidogo, na chuki ya zamani huongeza yaliyobaki.

Yaliyowafika Watu wa Kasigau

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa watu waliodhuriwa kwa ujinga. Hapa kwetu Taita uko.

Katika mwaka wa 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalikuwa yakipigana katika nchi hii. Mpaka wa koloni la Wajerumani ulikuwa karibu, na reli ya kutoka Mombasa ilikuwa ikipita Voi. Na mwaka ule ule Waingereza walianza kujenga reli nyingine ya vita kutoka Voi, kupita Mwatate na Maktau, kuelekea Taveta. Wajerumani wakaishambulia kambi ya Waingereza ya Kasigau. Waingereza waliposhindwa pale, waliwatuhumu wenyeji wa Kasigau kuwa ndio waliowaonyesha Wajerumani njia. Hawakutafuta nani amefanya na nani hakufanya. Waliwatia hatiani watu wote, wake kwa waume, wazee kwa watoto. Wakachoma vijiji vyao, wakawahamisha kutoka mlimani kwao na kuwapeleka Malindi.

Watu waliozoea hewa ya mlimani wakatupwa katika joto na homa za pwani, bila mashamba wala mifugo, na wengi wao wakafa huko. Waliosalia hawakurudishwa Kasigau mpaka miaka ya 1930. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyebebwa mgongoni wakati wa kuhamishwa alirudi akiwa mtu mzima, ikiwa alijaliwa kurudi.

Basi hata tukikadiria kuwa pale Kasigau palikuwa na mtu mmoja au wawili waliowaongoza Wajerumani, je, kosa la mtoto mchanga lilikuwa nini? Katika dini yetu hapana mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Serikali ile ilikuwa na majaji, na vitabu vya sheria, na maafisa waliosoma. Lakini ilipoingiwa na khofu iliuruka mlango wa kupeleleza. Elimu ya dunia peke yake haimzuii mtu kudhulumu ikiwa moyo wake haukufunzwa kungoja.

Na nyinyi ndugu zetu wa Malindi, mjue kuwa katika ardhi yenu wamezikwa watu wa Taita waliokufa kwa tuhuma isiyopelelezwa. Waliofika kwenu hawakuja kwa khiari yao.

Zama za Siasa Unguja

Mfano wa pili ni wa watu ambao dini yao ilikuwa moja, na lugha yao moja, na kibla chao kimoja. Nao ni ndugu zetu wa Unguja na Pemba.

Uchaguzi wa kwanza wa Zanzibar ulifanywa mwaka wa 1957. Tangu hapo mpaka 1964 ni muda ambao wenyeji wenyewe huuita zama za siasa. Jambo la vyama si jambo baya kwa dhati yake. Watu kushauriana juu ya nani awatawale ni jambo jema. Lakini ugomvi wa vyama ulishuka kutoka jukwaani ukaingia majumbani. Mtu wa chama hiki akakataa kununua dukani kwa mtu wa chama kile. Wenye mashamba wakawafukuza wakaaji kwa sababu ya kura zao. Watu wakasusiana harusi na mazishi. Mwislamu amekufa, naye ni jirani, na wengine wanaacha kumzika kwa sababu ya rangi ya kadi yake! Na magazeti na wasemaji wa kila upande walikuwa kila siku wakiutia mafuta moto huo, huyu anamwita yule mgeni, na yule anamwita huyu mtumwa.

Matunda yake yalionekana mwezi wa Juni 1961, zilipotokea ghasia za uchaguzi na kufa watu 68, wengi wao Waarabu. Kisha yakaja mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na damu iliyomwagika pale hata leo hesabu yake watu wanabishana. Wengine waliikimbia nchi wasirudi tena. Na ndiyo maana mpaka leo utawakuta Maskati na kwingineko Omani wazee wanaosema Kiswahili cha Unguja kitamu kabisa.

Nusu karne ilipita kabla ya watu wa Zanzibar kupata njia ya kukaa meza moja. Mwezi wa Novemba 1909 haukuwa wa fitina hii, ila Novemba 2009 ndio viongozi wa pande mbili, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, walipokutana na kupatana; na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni, na kiasi cha thuluthi mbili yao wakaikubali serikali ya pamoja. Tena hata baada ya hapo mapatano yaliwahi kuvunjika, na yakatengenezwa upya mwaka wa 2020. Kuvunja huchukua siku moja, na kuunga huchukua umri wa watu.

Sisi tunaosema kuwa Uislamu ni udugu na tuitazame Unguja kwa aibu na kwa mazingatio.  Walikuwa ni watu wanaosimama safu moja msikitini, na ulimi ukawashinda.

Redio ya Rwanda

Mfano wa tatu ni Rwanda. Mwaka wa 1993 ilianzishwa huko redio iliyoitwa RTLM. Ilipiga muziki mzuri, ikasema lugha ya vijana, ikachekesha watu. Kisha, baina ya muziki na vichekesho, ikawa inawafundisha wasikilizaji kuwa jirani zao Watutsi si watu, bali ni mende. Mauaji yalipoanza mwezi wa Aprili 1994, redio hiyo ilikuwa ikitangaza majina ya watu na mahali walipojificha. Katika siku 100 hivi waliuawa watu wapatao 800,000.

Imeandikwa na wengi kuwa Waislamu wa Rwanda, ambao ni wachache katika nchi ile, wengi wao walikataa kuingia katika mauaji, na wakawaficha majirani katika nyumba zao na misikiti yao, hasa katika mtaa wa Nyamirambo mjini Kigali. Nasi twafurahi kulisikia jambo hilo na twalisema sana katika mihadhara yetu. Lakini haki yataka tuseme lote. Mhariri wa gazeti la Kangura, lililochapisha maneno mabaya kabisa ya chuki katika Rwanda, alikuwa Hassan Ngeze, naye ni Mwislamu. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mwaka wa 2003 pamoja na wakubwa wa ile redio. Basi jina la Kiislamu halikumzuia. Aliyezuiliwa ni yule aliyeamini kwa hakika kuwa damu ya jirani yake ni haramu.

Na huko Uingereza

Asiseme mtu kuwa haya ni mambo ya Afrika tu. Tarehe 29 Julai 2024 wasichana wadogo watatu waliuawa kwa kisu katika mji wa Southport, Uingereza. Kabla siku haijakwisha, khabari ilienea katika simu za watu kuwa mwuaji ni Mwislamu aliyeingia nchini kwa mashua, na likatungwa jina lenye sura ya Kiarabu lisilokuwa na mwenyewe. Kesho yake kundi la watu likaushambulia msikiti wa mji ule, na ghasia zikaenea miji mingi. Kumbe yule kijana alizaliwa papo hapo Uingereza ya Wales, mjini Cardiff, wala hakuja kwa mashua yo yote.

Lakini tusiwe wachache wa insafu. Baada ya usiku ule wa ghasia, wenyeji wa Southport wasiokuwa Waislamu walitoka na mafagio na matofali, wakasafisha njia na kuujenga upya ukuta wa msikiti. Basi katika mji mmoja, kwa siku mbili, wameonekana walioruka mlango wa kupeleleza na walioupita.

Nyumbani Kwetu Kenya

Sasa turudi nyumbani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu ilishikwa na moto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliandika kuwa watu waliouawa ni 1,133, na waliokimbia makwao ni mamia ya maelfu. Watu waliokuwa wameozana na kuzikana, siku moja waligeuka wakawa wageni kwa wenyeji. Na kabla ya panga lilitangulia neno, katika mikutano, na redio, na ujumbe wa simu.

Miaka miwili baadaye ulikuja mjadala wa Mahakama za Kadhi. Mahakama hizi si jambo jipya. Zilikuwapo pwani kabla ya Waingereza, na zilihifadhiwa katika mapatano ya Oktoba 1963 baina ya Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakati mwambao ulipounganishwa na Kenya. Lakini mwaka wa 2010 watu wengi waliambiwa kuwa katiba mpya itamfanya Mkristo ahukumiwe na Kadhi. Mwenye kuisoma ibara ya 170 angeona kuwa Kadhi hana mamlaka ila katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na kwa wale tu ambao wote ni Waislamu na wameridhia kwenda mbele yake. Wasomaji walikuwa wachache, na wasemaji wengi.

Na upande wetu pia yalisemwa yasiyo kweli. Wako waliosema kuwa Wakristo wote wa Kenya wanatuchukia. Kura ilipopigwa tarehe 4 Agosti 2010, katiba hiyo, pamoja na Kadhi ndani yake, ilikubaliwa na thuluthi mbili hivi ya wapiga kura. Waislamu katika Kenya ni wachache. Hawawezi peke yao kufika hesabu hiyo. Basi ni lazima mamilioni ya Wakristo waliikubali. Je, tuliwashukuru? Au tulinyamaza, tukabaki na maneno yetu ya zamani?

Tena tumkumbuke marehemu Salah Farah, mwalimu, aliyekuwa katika basi lililokuwa likielekea Mandera tarehe 21 Desemba 2015. Wenye silaha walilisimamisha, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake wakawapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika, na Salah Farah akapigwa risasi, akafa mwezi uliofuata. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kitendo kile kimewafahamisha watu wa Kenya Uislamu ni nini zaidi ya vijitabu vingi tulivyovichapisha.

Na liko jambo moja la aibu hapa pwani ambalo masheikh wengi hawapendi kulisema juu ya mimbari. Katika Kilifi na sehemu nyingine, wazee wetu wameuawa kwa kuambiwa kuwa ni wachawi. Mzee ana mvi na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Mtoto wa jirani ameugua. Mganga ameulizwa, naye ametaja jina. Nani amepeleleza? Na mara nyingi, ukichimba, utakuta chini ya tuhuma hiyo pana shamba la urithi, na wanaotaka kuligawanya wamechoka kungoja. Mwenye kumsadiki mganga katika jambo la ghaibu ameiharibu itikadi yake, na mwenye kumwua mzee kwa neno la mganga ameua nafsi iliyoharimishwa. Huyu hana udhuru wa ukoloni wala wa siasa.

Kwa Nini Watu Husadiki?

Ukiitazama mifano hii yote utaona kuwa uwongo hauoti penye jiwe. Huota penye udongo uliokwisha tayarishwa, na udongo huo ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni dhulma ya kweli isiyotatuliwa. Mtu aliyenyang'anywa ardhi yuko tayari kumsadiki ye yote atakayemwonyesha adui. Hapa Taita Taveta zaidi ya nusu ya ardhi yote imo ndani ya mbuga ya Tsavo, iliyotangazwa mwaka wa 1948, na sehemu nyingine kubwa ni mashamba ya katani na malisho ya makampuni. Wenyeji wamebanwa baina ya ndovu na ua la shamba la mtu mwingine. Huu ni ukweli, wala si uchochezi kuutaja.

Wa pili ni khofu. Mwenye khofu hana subira ya kuuliza.

Wa tatu ni faida. Kila fitina ina mfanya biashara wake. Huyu anataka kura, yule anataka shamba, na mwingine anataka tu simu yake ifuatwe na watu wengi. Basi ikikujia khabari ya kukutia hasira, jiulize: nikikasirika, nani atafaidika?

Je, Tunyamaze?

Ndugu mmoja katika halaka yetu aliuliza swali la haki. Alisema: “Sheikh, ikiwa kila neno la kuumiza ni fitina, basi aliyedhulumiwa aseme nini? Mwenye shamba letu atafurahi tukifundishwa kunyamaza.”

Jawabu ni kuwa dini haikumfunga mdomo aliyedhulumiwa. Katika Suratun Nisaa, aya ya 148, tumefahamishwa kuwa Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yadhihirishwe, isipokuwa kwa mwenye kudhulumiwa. Basi anayo ruhusa, tena ruhusa ya Qur'ani. Lakini kushitaki ni kitu kimoja na kutuhumu ni kitu kingine. Mwenye kushitaki humtaja aliyemdhulumu, na alichomdhulumu, na ushahidi wake, na huomba haki yake. Mwenye kutuhumu huacha hayo yote, na husema “watu wa kabila fulani” au “watu wa dini fulani”.

Na mfano mwema uko papa hapa milimani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Wataita waliunda chama chao, Taita Hills Association, cha kudai ardhi iliyochukuliwa na kupinga amri za kikoloni. Hawakusema kuwa adui wao ni Mkamba au Mkikuyu aliye jirani. Bali walishirikiana na vyama vya Wakamba na Wakikuyu kwa kuwa dhulma ilikuwa moja. Serikali ilikipiga marufuku chama hicho mwaka wa 1940 pamoja na vyama hivyo viwili, na viongozi wao wakawekwa kizuizini. Walifungwa kwa kusema kweli. Na jina lao limebaki jema. Hakuna kati yetu leo anayewaita wachochezi.

Basi kudai ardhi ya Taita ni haki. Kudai haki ya pwani ni haki. Kudai kuwa kijana Mwislamu asikamatwe kwa ndevu zake bila ushahidi ni haki. Lakini kumwambia jirani yako aliyezaliwa hapa kuwa arudi kwao, kwa kuwa baba yake alitoka mahali pengine, hiyo si haki, na haitarudisha hata pishi moja ya udongo. Katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao.

Yatupasayo

Hapa Chawia, katika nyumba nyingi, kaka ni Mwislamu na dada ni Mkristo, na mama yao ni mmoja. Wanakula chungu kimoja Idi na Krismasi, na mauti yakiingia, kaburi linachimbwa na wote. Uislamu ulipanda milima hii kwa wasafiri na wafanya biashara na watu wa reli, wala haukupanda kwa upanga. Na utabaki hapa kwa tabia njema. Khabari moja ya uwongo ikiingia katika nyumba kama hiyo, hairarui kitambaa cha nje, inararua tumbo moja. Kwa hivyo tumekubaliana katika halaka juu ya mambo haya, nasi twawausia ndugu zetu wasomaji:

1. Ikikujia khabari ya mtu au ya watu, kwa mdomo au kwa simu, uliza: nani ameiona kwa macho yake? Akisema “watu wanasema”, basi hakuna aliyeona.

2. Usiipeleke kwa mwingine kabla ya kuijua. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa yatosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila anachokisikia. Na kidole kinachopeleka ujumbe wa simu ni ulimi wa pili; kitaulizwa kama utakavyoulizwa ulimi.

3. Khabari ya khatari, inayogusa amani ya mji, ipelekwe kwa wazee, na imamu, na wenye mamlaka, kama tulivyofunzwa katika Suratun Nisaa, aya ya 83. Isipelekwe barazani kwanza.

4. Mwulize anayetuhumiwa. Hili ndilo jambo jepesi kuliko yote na ndilo linaloachwa kuliko yote. Mara nyingi hatua ishirini baina ya mlango wako na wake zingeokoa udugu wa miaka ishirini.

5. Usimsusie jirani mazishi wala ugonjwa kwa sababu ya siasa yake, au kabila lake, au dini yake. Suratul Mumtahina, aya ya 8, haikutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini.

6. Aliyekwisha kueneza uwongo, toba yake haitimii kwa istighfari ya chumbani. Na arudi kwa wale aliowaambia, mmoja mmoja, aseme kuwa lile halikuwa kweli. Ni jambo zito, lakini moto wa akhera ni mzito zaidi.

7. Vijana wafundishwe kusoma kwa utambuzi: katiba ya nchi yao, na tarikhi ya watu wao, na khabari za dunia. Mtu asiyesoma ni punda wa kila mpandaji. Madrasa inayomfundisha mtoto hukumu za udhu na isimfundishe hukumu za ulimi imemtia nusu ya maji.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atulinde na fitina zilizo dhahiri na zilizofichika, azihifadhi ndimi zetu na mikono yetu, awarudishie haki yao waliodhulumiwa, awarehemu waliokufa kwa tuhuma katika Kasigau na Malindi, na Unguja, na Rwanda, na kila mahali wale wanaostahiki rehema Yake, na atujaalie tuwe katika wale wanaosikia maneno wakafuata yaliyo bora yake. Amin.

Wabillahi taufiki.